Nilivyotengeneza muvi ya mapenzi ya repu wa dawa na mfamasia hapa Mtwara

Muvi ya mapenzi ya kuchekesha kila mtu anaijua, vijana wawili, mama mkorofi, harusi mwishoni. Yangu nayo ina hivyo vyote ila kijana ni medikal repu, binti ni mfamasia, na kinachowagombanisha siyo ukoo wala dini, ni katoni za antibayotiki. Nimeitengeneza hapa hapa Mtwara, hakuna kampuni nyuma yangu, ni simu, maiki ya kubana kwenye shati na washkaji wa kikundi cha maigizo. Wengi wananiuliza niliwezaje, hasa upande wa stori, ngoja nieleze.

Mimi mwenyewe nilikuwa repu, ruti yangu Mtwara mjini, Masasi, Newala, mpaka Nachingwea upande wa Lindi. Kwa asiyejua, repu anabeba begi la sampo na vipeperushi, anaingia famasi, anamsubiri daktari amalize wagonjwa, anaelezea dawa ya kampuni yake, anachukua oda, mwisho wa mwezi anaulizwa tageti. Ni kazi halali kabisa na inasaidia, maana daktari aliyeko juu kule Newala na foleni ya wagonjwa mlangoni atapata saa ngapi muda wa kufuatilia kila dawa mpya. Bonasi ya famasi ile ya nunua kumi upewe mbili ni biashara tu. Shida inaanza ukimfuata anayeandika dawa ukamwambia ukiandika kiasi hiki kuna kitu chako, hapo anayelipa ni mgonjwa na hana habari. Na siyo kwamba kanuni hazipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya maadili ya kutangaza dawa tangu 1988, na IFPMA, ule muungano wa kimataifa wa kampuni za dawa, kuanzia Januari 2019 ukapiga marufuku wanachama wake kuwapa wahudumu wa afya zawadi binafsi. Ila siyo kila kampuni yenye boksi kwenye shelfu ni mwanachama.

Sasa kwenye kuandika skripti kuna mahali pagumu kweli na hapa ndo nataka wanaoandika wanisikie. Muvi ya mapenzi inaendeshwa na mambo yale yale anayofanya repu. Kijana anakuja kanyoosha shati, anatabasamu, anakumbuka jina la mdogo wako, anauliza mama anaendeleaje, kesho analeta zawadi, keshokutwa anakutoa out. Repu naye hivyo hivyo, tena tunafundishwa. Sasa yule binti atajuaje kama anapendwa au anatafutiwa oda, na mtazamaji naye atajuaje, na hata kijana mwenyewe atajuaje kama hajazoea tu kuongea vile?

Nilichofanya nikaweka sharti moja, kijana haruhusiwi kumpa binti kitu chochote, muvi nzima, hata soda. Kila alichonacho kimetoka kwenye begi la kampuni kwa hiyo hakihesabiki. Na hapo ndo vichekesho vikaanza kuja vyenyewe, maana mwanaume wa Kiswahili unamwambia apende mkono mtupu, anahangaika! Anamshikia ngazi akipanga dawa za juu. Anakaa chini sakafuni anakagua tarehe za kuisha kwenye maboksi, vumbi mpaka kwenye kope, na anayatoa yaliyokwisha hata ya kampuni yake. Wakienda Mikindani kula ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, kila mtu ananunua yake, kijana anataka kulipia, binti anahesabu sarafu zake moja moja mbele ya muuzaji ambaye kashachoka kuwasubiri. Na mwenye famasi, mama mmoja wa Kimakonde aliyeigiza kama amezaliwa kwa hiyo kazi, kila kijana akiingia anauliza kwa sauti, "Mwanangu, huyu leo kaja kuuza au kaja kununua?"

Sehemu ninayoipenda zaidi haina hata maneno mengi. Binti anataka kuandika kwenye daftari la oda, kijana anamsogezea kalamu mpya yenye jina la dawa. Binti anaiangalia, anairudisha kwa vidole viwili juu ya kioo cha kaunta mpaka inagonga begi, halafu anachomoa yake kwenye nywele, bic iliyotafunwa kifuniko, anaandika. Kalamu yenyewe ni ndogo lakini nimekaa kwenye hiyo kazi, najua inavyoanza.

Halafu kuna ile sehemu ya kusema nakupenda, kila muvi lazima iwe nayo. Kwangu anakuja mama na mtoto mwenye mafua na kikohozi, anataka sindano kali, kasikia kwa jirani. Kijana anauza seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, tageti imebana, imebaki siku moja. Binti anamgeukia, anamuuliza mbele ya yule mama, wewe mwenye dawa unasemaje. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limepanga antibayotiki kwa makundi, amoksilini iko kundi la kuanza nalo, seftriaksoni iko kundi la kuangaliwa kwa uangalifu kwa sababu ya UVIDA, ule usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mafua mengi ni virusi, hayatibiki kwa antibayotiki yoyote. Kijana anayajua yote hayo. Anameza mate, anasema, "Dada, yangu usimuuzie. Mtoto akaonwe na daktari kwanza." Basi. Ndo nakupenda yenyewe hiyo, na binti kaielewa.

Upande wa kushuti nisiwachoshe. Anzieni kwa afisa utamaduni wa manispaa, atawaelekeza kibali cha Bodi ya Filamu, msianze bila karatasi. Dawa kwenye muvi tuliipa jina la kubuni na maboksi tukaprinti wenyewe, ya kweli tukayageuzia mgongo, kwa sababu tangazo la dawa linatakiwa lipite TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na sikutaka muvi ya maadili igeuke tangazo la mtu. Famasi tulipewa usiku baada ya kufunga. Na malizeni kabla msimu wa korosho haujachanganya, ikifika Oktoba waigizaji wako wote wako shamba au mnadani.

Tukaionyesha kibanda umiza pale Chikongola. Walicheka kuliko nilivyotegemea, halafu ukazuka ubishi, mama mmoja akasema mwanaume gani huyo hata nauli hatoi, binti kapata hasara. Nesi aliyekaa nyuma akamjibu, "Mama, hao wanaotoa nauli tunawajua sisi," na kibanda kizima kikapasuka. Wengine walitaka niongeze kisehemu kijana anampelekea khanga mwishoni, nimekataa, sharti linabaki.

Kilichobaki ni sauti ya pale Mikindani, kusi imevuma ndani ya maiki, narekodi upya hayo maongezi. Nikimaliza naipeleka Masasi halafu Lindi mjini, na manesi wa Masasi wameshaniomba ianze saa mbili usiku ili waliotoka zamu waiwahi.