Kazihesabu Nyota, Kama Ukiweza

Masomo: Mwanzo 15:1–6, Zaburi 147:1–6

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii tumepewa maneno ambayo wengi wetu tunayajua kwa moyo tangu shule ya Jumapili: "Tazama sasa mbinguni, kazihesabu nyota, kama ukiweza kuzihesabu." Abramu yuko hemani, ni mzee, hana mtoto, na ameshaanza kumlalamikia Mungu kwamba atakayeirithi nyumba yake ni Eliezeri wa Dameski. Mungu anamtoa nje.

Kawaida tukisoma hapa tunakimbilia "Ndivyo utakavyokuwa uzao wako." Naomba leo tusikimbie. Abramu ameagizwa kuhesabu. Tuchukulie kwamba ni mtu mtiifu na akajaribu. Angefika ngapi?

Jibu ni dogo kuliko tunavyodhani. Anga lote, kaskazini hadi kusini, lina nyota kama 9,000 ambazo jicho tupu linaweza kuziona palipo na giza totoro. Nusu yake wakati wowote ziko upande wa pili wa dunia, na zilizo chini karibu na ardhi humezwa na vumbi na ukungu. Mwenye macho mazuri akisimama jangwani ataona labda 2,000, labda 4,000. Akihesabu moja kila sekunde, nyota 3,000 anazimaliza kwa dakika hamsini, kabla hata usingizi haujamjia. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika orodha ya nyota 1,022, na wasomi wakaitegemea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu mbishi wa zama hizo angekuwa na haki ya kuuliza: mbona zinahesabika? Akifika Mwanzo 22:17, pale nyota zinapotajwa sambamba na mchanga ulioko pwani, angecheka kabisa. Elfu tatu na mchanga wapi na wapi!

Chukua Kilimia. Wazee wa pwani waliitazama kujua msimu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni kile kishada kidogo cha nyota ambacho macho ya kawaida huona sita, na mwenye macho makali saba. Mwaka 1610 Galileo alitangaza kwamba kwa darubini yake ameona pale pale nyingine zaidi ya arobaini. Leo inajulikana kwamba kishada hicho kina nyota zaidi ya 1,000. Ayubu aliulizwa, "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" na hakuna ajuaye kama Ayubu alijua mnyororo wenyewe una pingili ngapi. Sisi tulikuwa tukipandia mahindi kwa nyota sita.

Tangu Galileo hesabu haijatulia. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kimeorodhesha karibu nyota bilioni 1.8, na hiyo inakadiriwa kuwa kama asilimia moja tu ya nyota za galaksi yetu, yaani lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu nalo limo, tunaloliona kama ule ukanda mweupe unaokatiza anga usiku usio na mwezi. Makadirio ya galaksi nzima ni kati ya nyota bilioni 100 na bilioni 400.

Bilioni ni neno tunalolisikia kila mwaka wakati wa bajeti mpaka limepoteza uzito. Basi tumrudishe Abramu pale nje ya hema. Wengi humweka takribani miaka 4,000 iliyopita. Tuseme alianza usiku ule, nyota moja kila sekunde, bila kulala, bila kula, bila kufa, na hajaacha mpaka leo asubuhi. Piga hesabu mwenyewe: mwaka una sekunde milioni 31 na nusu hivi. Angekuwa amefika kama bilioni 126. Kama galaksi yetu ina nyota bilioni 100, amemaliza karne nane zilizopita. Kama ni bilioni 400, hajafika hata theluthi.

Na hiyo ni galaksi moja. Desemba 1995 Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi iliyosimamia darubini ya Hubble, aliamua kuielekeza darubini hiyo kwa siku kumi mfululizo kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu. Baadhi ya wenzake waliona ni kupoteza muda wa chombo cha gharama kubwa. Picha ilipotoka, pale palipoonekana patupu palikuwa na galaksi karibu 3,000. Kipande hicho ni kidogo sana hivi kwamba ungehitaji mamilioni ya vipande kama hicho kulifunika anga lote. Sasa zidisha. Wataalamu wakizidisha hawakubaliani: mwaka 2016 wengine walitaja galaksi trilioni 2, na vipimo vya 2021 vya mwanga hafifu wa anga vikaishusha idadi hadi mamia ya bilioni. Ukifuata makadirio yao, nyota za ulimwengu unaoonekana ni 1 ikifuatwa na sifuri 22, au 23, au 24. Kati ya makadirio ya chini na ya juu kuna tofauti ya mara mia, na hawaoni aibu kuisema. Hilo nalipenda, na nitalirudia hapo mbele.

Tusidhani ukubwa uko mbali tu. Mchungaji akichota maji ya ubatizo kwa kiganja, tuseme mililita ishirini, anashika molekuli zaidi ya 600,000,000,000,000,000,000,000. Sikukosea sifuri. Gramu 18 za maji zina molekuli takribani 6 ikifuatwa na sifuri 23. Ni idadi ambayo kila mwanafunzi wa kemia wa sekondari huikariri kwa jina la Avogadro. Kwa hiyo kwenye kile kiganja kimoja, mtoto akilia na mama akimshikilia, kuna chembe za maji nyingi kama nyota za mbingu zote, au zaidi. Zikadondoka sakafuni, mzee wa kanisa akapitisha kitambaa.

Sasa turudi kwenye kukadiria, maana hapa ndipo moyo wangu umekaa wiki nzima.

Binadamu akikutana na kitu kingi sana ana njia moja: anahesabu kipande kidogo kwa uangalifu, halafu anazidisha. Ndivyo ilivyofanyika kwa galaksi, na ndivyo wanavyohesabiwa nyumbu wa Serengeti. Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka juu ya mbuga, kamera ikipiga picha kwa vipindi, watu wakakaa baadaye na kuhesabu nyumbu mmoja mmoja kwenye picha, kisha wakazidisha kwa eneo lote. Jibu hutoka kama milioni 1.3, pamoja na kiasi cha kosa kinachotajwa wazi. Ni kazi ya uaminifu. Anayekadiria vizuri anakuambia amehesabu nini, amezidisha kwa ngapi, na anaweza kuwa amepotea kwa kiasi gani.

Hapa niseme jambo kwa upendo. Uaminifu huo sisi watu wa kanisa umetupita kando. Tukitoa taarifa ya mkutano wa injili, tunasema uwanja ulifurika watu elfu hamsini. Kiwanja kamili cha mpira kina mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Watu wawili kwenye kila mita ya mraba, wakiwa wamesimama na nafasi ya kuinua mikono, ni 14,000 na kidogo. Ili wafike elfu hamsini lazima wasimame saba kwenye kila mita moja, na hapo tungekuwa tunazungumzia watu kukanyagana, wala si watu kuokoka. Na mara nyingi nusu ya uwanja ni jukwaa, spika na kina mama wanaouza maji. Daudi naye alipenda kujua ana watu wangapi. Soma 2 Samweli 24 uone ilivyoishia. Hakuna aliyetuomba tumwongezee Mungu watu.

Ila hata makadirio ya kweli kabisa yana kitu yasichokiona. Yule aliye kwenye ndege juu ya Serengeti anaijua idadi, na hamjui nyumbu hata mmoja. Hawezi. Akianza kumjua mmoja, hatamaliza kazi. Lakini shuka chini, uwanda wa Ndutu, mwezi wa pili. Nyumbu huzaa kwa pamoja, mamia ya maelfu ya ndama ndani ya majuma machache, wote rangi moja, wote wakilia kwa sauti ambayo kwako wewe ni ile ile. Ndama anasimama dakika chache baada ya kudondoka. Jike anamnusa, na kuanzia hapo ndama mwingine akija kutaka ziwa anafukuzwa kwa pembe. Simba akitokea, kundi likakimbia na kuvurugika, jike anarudi akizunguka katikati ya maelfu, ananusa huyu, anaacha, ananusa yule, anaacha, mpaka ampate wake au amkose. Kwa jike huyo milioni 1.3 si habari.

Nikisoma Zaburi 147 namkumbuka jike yule, ingawa mfano wowote juu ya Mungu unachechemea. Tazameni mistari ilivyofuatana. Mstari wa 3: "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao." Mstari wa 4: "Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Mtu wa kawaida angeweka kazi hizo kwenye sura mbili tofauti, moja ya mambo makubwa na nyingine ya mambo madogo. Mtunga zaburi amezipanga jirani, bila hata neno la kuziunganisha, kana kwamba mkono unaofunga kidonda ndio ule ule unaopita juu ya nyota, na haubadilishi mwendo.

Gaia haikuzipa nyota zake majina. Kila moja ilipewa namba ndefu, yenye tarakimu hadi 19. Nyota zenye majina rasmi kwa wanaastronomia wa dunia nzima ni mia chache tu, kwa sababu jina linahitaji mtu akae na kitu kimoja, na sisi hatuna muda huo. Kukadiria ndiko kunakowafaa viumbe wasio na muda. Bwana alipotaja nywele za vichwa vyetu (Mathayo 10:30), ambazo kwa kichwa cha kawaida ni kama laki moja, hakusema zimekadiriwa. Na alikuwa anazungumza na watu kumi na wawili walioogopa kwenda kupigwa.

Wako wanaosikia hesabu hizi za mbinguni wakanyong'onyea. Kama ulimwengu ndio huu, mimi ni nani, na deni langu la ada ya mtoto, na presha ya mama? Daudi aliuliza vivyo hivyo katika Zaburi ya 8, naye alikuwa akiziona zile elfu tatu tu. Lakini hofu hiyo inamchukulia Mungu kama ofisi yenye foleni, ambapo wateja wakiongezeka kila mmoja anapata dakika pungufu. Sijaona andiko hata moja linalompima hivyo.

Mwangalieni Abramu tena. Aliahidiwa uzao usiohesabika. Aliondoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Robo karne, mtoto mmoja. Isaka aliwapata Esau na Yakobo akiwa na miaka 60, kwa hiyo babu yao alikuwa na 160. Na Abrahamu alikufa akiwa na miaka 175. Ishmaeli alikuwepo, na wana sita wa Ketura, ila wa ile nyumba ya Isaka, kwa macho yake mwenyewe, Abrahamu aliwaona watatu: mwana mmoja na wajukuu wawili wa kiume wa umri wa miaka kumi na mitano, ambao walikuwa hawapatani. Mungu aliyemwonyesha mbingu zilizojaa hakuona haya kuanza na hao.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa jumuiya kuhusu Jumatano. Tumezoea kuomba kwa jumla: Bwana wakumbuke wagonjwa wote, wajane wote, vijana wote wasio na kazi. Wiki hii orodha isomwe kwa majina, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na aliyesahaulika atajwe na jirani yake. Jumuiya yetu si kubwa. Tutamaliza kabla chai haijapoa.