Lita 2,700 za tisheti, na hesabu ya sare za harusi

Kuna namba inazunguka sana mtandaoni, eti tisheti moja ya pamba inakula lita 2,700 za maji mpaka ikufikie wewe mvaaji. Siyo uongo, ni wastani wa dunia, ila ukiwa unakaa Mwanza kabla hujaogopa uliza kwanza, maji gani hayo na yametoka wapi?

Maana pamba ya wilaya zetu za Kwimba na Magu ni ya mvua tu. Mkulima anapanda Novemba, Desemba, mvua ikigoma ndo imegoma, hakuna mfereji wa kumuokoa. Sasa angalia Asia ya Kati. Bahari ya Aral, ambayo kiukweli ni ziwa, mwaka 1960 ilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000 hivi, yaani karibu sawa na Ziwa Victoria letu hili lenye 68,800, halafu Wasovieti wakayachepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya wakayapeleka kwenye mashamba, pamba ikiwa ndo zao kubwa, ziwa likakauka sehemu kubwa mpaka meli zikabaki zimekaa mchangani. Ziwa la saizi ya hili linalotulisha sato na sangara bhana! Kwa hiyo lita ya mvua ya Magu na lita ya Amu Darya ukiziandika kwenye jedwali moja zinaonekana mapacha na wala hazifanani. Sisemi pamba yetu ni malaika, dawa za wadudu zinapigwa, na sehemu kubwa inasafirishwa ghafi ikasokotwe, ifumwe na itiwe rangi nchi za watu, na huko kwenye rangi ndo kuna kemikali na maji machafu hasa.

Upande wa pili kuna polista. Vitenge vingi vya bei chee siku hizi ni polista, ukigusa vinateleza, na jua la saa nane Mwanza ukivaa unajuta. Inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, haihitaji shamba, kwa hiyo ukipima maji peke yake inashinda asubuhi na mapema. Pima kitu kingine uone. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliona kilo 6 za nguo za akriliki, ndugu yake polista, zikifuliwa mara moja kwenye mashine zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000, vinyuzi ambavyo hata huvioni. Mwaka huohuo ukachapishwa utafiti wa sangara na sato walionunuliwa hapahapa Mwanza, na kwenye kila aina samaki mmoja kati ya watano alithibitika ana plastiki tumboni, polista ikiwemo. Sio yote ya nguo, mifuko na chupa zimo pia. Ila maji ya beseni unayomwaga mtaroni yanaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, hapo katikati hakuna mtu wa kuyachuja.

Kujua umeshika nini ni rahisi, chomoa nyuzi mbili tatu pindoni uziwashe kiberiti (nje jamani, na maji yawe karibu). Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha jivu laini. Polista inajikunja, inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu cheusi. Fundi wangu wala hahangaiki na kiberiti, anakishika tu kitambaa anasema "dada hiki pasi ya mkaa hapana, kitanata," na hajawahi kukosea. Uzito nao upime kwa sababu hizi hesabu nyingi zinafanywa kwa kilo: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, mpelekee sonara akuwekee kwenye mizani ya dhahabu, zidisha mara 100, hapo una gramu za mita moja ya mraba. Sonara atakucheka, we mwache acheke.

Ila namba inayoniuma mimi ni idadi ya mara unazovaa. Chukua zile lita 2,700, tisheti ukiivaa mara 10 ni lita 270 kila ukivaa, ukiivaa mara 200 ni lita 13 na nusu. Sasa njoo kwenye sare zetu. Kitchen party sare, send-off sare, harusi sare, kamati nayo ina yake, kitenge cha polista kinashonwa mermaid ya kubana ambayo huwezi hata kupandia daladala, kinavaliwa Jumamosi moja kinaenda chini ya kabati. Gawa kwa moja. Halafu mtu huyohuyo anamsema anayenunua mtumba soko la Mlango Mmoja, wakati ile shati ya mtumba imeshavaliwa na mwingine huko na bado itavaliwa miaka.

Wenzetu wa WRAP, shirika la Uingereza la kupunguza taka, walipiga hesabu kwamba nguo ikivaliwa miezi 9 zaidi, hewa ya ukaa, maji na taka vinapungua kwa asilimia 20 mpaka 30. Kwa hiyo kwenye kamati yetu ya sasa nimependekeza khanga za pamba badala ya kitenge, zikipita harusi unajifunga nyumbani, unabebea mtoto, zikichakaa unadekia. Mweka hazina kauliza bei. Mashoga zangu wawili wameshatoka kwenye grupu.