Kuandika 0xCC ni rahisi, ngoma ni kuondoka pale

Nilipotaka kuweka brekipointi (mtego wa kusimamisha programu penye amri fulani) kwenye dibaga (zana ya kusaka makosa) ya keneli yangu ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya prosesa za x86, kaka mmoja wa Dar alinijibu kwa mkato: "Dogo, hiyo ni baiti moja. Bandika 0xCC juu ya amri, shika eksepsheni namba 3, umemaliza." Hiyo 0xCC ni amri ya int3: prosesa ikikutana nayo inasimama na kuiita keneli, na wito huo ndio eksepsheni. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma, ushauri wa hovyo nausikia kila siku, lakini ule ulivunja rekodi, maana ulikuwa kweli nusu.

Kwanza baiti yenyewe haikuandikika. Kurasa za memori zenye msimbo wa keneli nimezifunga zisomwe tu, na biti ya WP (kinga ya kuandika) katika CR0, rejista ya udhibiti ndani ya prosesa, inaibana hata keneli yenyewe. Basi unazima vikatizo (interrupts), unazima hiyo biti (ni ya 16), unaandika, unarudisha vyote. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi iko mbele. Nikaitega mwanzoni mwa funksheni, penye 55, yaani push ebp, amri inayohifadhi rejista ya EBP kwenye staki (rundo la memori ya muda). Ikasimama! Rejista zikajipanga kwenye skrini, nikapiga kelele hadi mama aliyekuwa akisubiri kioo cha simu yake akauliza, "Mwanangu, kuna nini?" Nikabonyeza kuendelea. Ikaendelea vizuri tu, kisha ikaanguka mwishoni mwa funksheni, kwenye anwani isiyo na kichwa wala miguu. Onja utamu wake: int3 ikishatekelezwa, EIP, rejista inayoonyesha amri ya kutekelezwa, inakuwa imehamia baiti inayofuata, kwa hiyo push ebp ilirukwa. Funksheni ikafanya kazi zake zote bila kulalamika, pop ebp ikameza anwani ya kurudia, na ret (amri ya kurudi) ikachukua chochote kilichofuata kwenye staki ikaruka nacho. Kosa liko mlangoni, maiti iko uani.

Haya, unapunguza EIP kwa moja. Lakini CC bado ipo, inakusimamisha palepale, na tena, na tena. Ukirudisha 55 inapita, ila brekipointi yako imekufa. Kufikia hapo kaka wa Dar hapokei simu.

Ujanja wenyewe, na hapa naomba nijisifu: rudisha 55, washa TF (ya kwenda amri mojamoja), biti ya 8 ya EFLAGS, rejista ya hali ya prosesa, kwenye ile nakala iliyohifadhiwa kwenye staki, halafu iret, amri ya kutoka kwenye eksepsheni. Prosesa inatekeleza amri moja tu na kukurudia kwa eksepsheni namba 1. Unabandika CC upya, unazima TF, unaiachia. Kwa hatua hiyo moja zima na IF (biti inayoruhusu vikatizo), la sivyo taima itachomoza wakati mtego haupo.

Majaribio yote fanyia kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, haili bando. Bando langu la elfu kadhaa liliishia kwenye mwongozo wa Intel, juzuu ya 3, na sijutii. Na usitege funksheni ambayo dibaga yenyewe inachapishia. Itajiita hadi mashine ijiwashe upya.

Kama unawinda nani anachafua kigeu (variable) fulani, achana na CC, tumia rejista za mitego za prosesa, DR0 hadi DR3. Ziko nne tu, zinawashwa kupitia DR7, na zinakushtua baada ya amri kuandika, kwa hiyo anayetafutwa ni amri iliyotangulia EIP. Iliyogongwa utaisoma kwenye DR6. Ukishaisoma, ifute mwenyewe, prosesa haikufutii.