Tukutuku Nauza, Spana Siuzi

Kuku ndiye aliyenichelewesha. Alikuwa ameatamia mayai kumi na moja juu ya gunia lililofunika kiti cha pikipiki, na mzee akakataa katakata kitu chochote kisogezwe mpaka aangue. Nikarudi Tanga na shilingi 250,000 zangu kama nilivyokwenda nazo, nikasubiri vifaranga.

Ilikuwa 2009. Nilikuwa nafundisha fizikia katika sekondari moja mjini Tanga, na mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Muheza, alinisikia darasani nikisifia injini za zamani. Akaniambia kwa babu yake ipo tukutuku. Neno lenyewe lilinichekesha. Wenzake wote walisema pikipiki, au toyo, maana bodaboda za Kichina ndiyo kwanza zilikuwa zinajaa mitaani. Tukutuku nililisikia mara ya mwisho kwa marehemu bibi yangu. Jumamosi nikapanda daladala nikaone.

Ilikuwa bandani, kati ya matenga ya machungwa na baiskeli isiyo na mnyororo. BSA M20, silinda moja ya cc 496, ndefu na nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Mbele haina shokapu tulizozizoea, ina vyuma vinne na springi moja nene chini ya taa. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma kushoto. Waliozitengeneza walikuwa watengeneza bunduki wa Birmingham, ndiyo maana nembo yao ni bunduki tatu zilizoegemezana, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili walilitengenezea jeshi la Uingereza M20 zipatazo 126,000. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia. Hii ilimfikia meneja wa shamba moja la mkonge, Mzungu, ambaye mzee alikuwa karani wake wa mizani.

"Akaniachia mwaka 1967," mzee aliniambia. "Mashamba yametaifishwa, yeye anafunga mizigo, na mimi namdai mshahara wa miezi miwili. Akasema, karani, fedha sina, chukua hiyo."

Kwa hiyo hakupewa zawadi, alilipwa deni, na alitaka jambo hilo lieleweke. Aliiendesha miaka kumi na mitano. Mwaka 1982 tairi la nyuma likapasuka, na waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua habari ya kutafuta tairi: hata mwenye kibali cha kuinunua aliweza kurudi nyumbani na kibali chake, bila tairi. Akaiegesha bandani. Wakaja kuku.

Vifaranga walipototolewa nikarudi. Bei hatukuvutana. Mzee alihesabu noti mara mbili, akampa mkewe azihesabu mara ya tatu, kisha akasema neno ambalo wakati ule niliona halina uzito.

"Mwalimu, tukutuku nauza. Spana siuzi."

Nikamwambia asijali, spana ninazo sanduku zima nyumbani. Akanitazama. "Haya," akasema.

Tuliipakia kwenye kirikuu watu watano na bado ilitutoa jasho. Nikaipeleka Ngamiani kwa fundi wangu, kijana hodari kwelikweli, anayeweza kushusha injini ya toyo huku anaongea na simu. Akachukua spana namba 13, haikuingia. Akachukua 14, ikaingia na kucheza, akikaza mkono inateleza na kuilamba nati. Akajaribu 11 kwenye nati ndogo, wapi. Ya 12 ikalegea vilevile. Akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kuchukua nyundo na tindo.

Nati ya kwanza aliing'oa hivyo, na kovu lake lipo mpaka leo. Ya pili nikamshika mkono.

Aibu ni kwamba mimi, mwalimu wa fizikia, nilipaswa kulijua hilo kabla ya kutoa hata senti. Nati zile hazikufuata milimita. Zilifuata vipimo vya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba skrubu zote nchini kwao ziwe na hesabu moja. Hata namba ya spana zake inadanganya asiyeijua. Spana iliyoandikwa robo inchi haina mdomo wa robo inchi. Robo ni unene wa bolti, mdomo wenyewe ni kama milimita 13.3. Kumi na tatu haitoshi, kumi na nne inapwaya. Meno ya bolti nayo yamekatwa kwa pembe ya nyuzi 55, hizi zetu za milimita ni 60, kwa hiyo ukiilazimisha bolti ya mtaani itaingia mizunguko miwili ikikudanganya, ya tatu inakula tundu lote.

Nilizunguka Tanga wiki mbili nikitafuta. Nilipata spana moja, imepinda, kwa muuza vyuma chakavu. Jumamosi ya tatu nikapanda daladala ya Muheza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umekuja kufuata nini?"

Alijua nilichofuata. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha kaki kilichoviringishwa na kufungwa kamba, akakikunjua mkekani. Spana tisa, nyeusi, zimepakwa mafuta, kila moja katika mfuko wake. Nikamtajia elfu hamsini. Akatikisa kichwa. Sabini. Mkewe, aliyekuwa anamenya mihogo, akacheka peke yake. Nikaomba basi aniazime mwezi mmoja.

"Hizi hazitoki uani kwangu," akasema. "Mlete mwenzao huku."

Basi pikipiki niliyoinunua Muheza na kuikodia gari hadi Tanga, nikaikodia gari tena kuirudisha Muheza, kwa nauli ileile. Dereva wa kirikuu hakuuliza kitu, ila alikuwa anatabasamu njia nzima.

Nilikwenda kila mwisho wa juma kwa miezi minane. Pistoni ilikuwa imegandana na silinda. Tulimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, na siku za kati ambazo sikuwepo mkewe ndiye aliyeongeza, kijiko kimoja kila jioni kama anayempa mtoto dawa. Wiki ya nne nikasukuma kiki kwa mkono ikashuka ukucha mmoja. Mzee alitaka kuniambia jambo, akaishia kukohoa.

Msasa ulitoa rangi moja baada ya nyingine kwenye tangi: nyekundu, fedha, buluu ya dirisha ambayo mzee alikiri ni yake, na chini kabisa kaki ya jeshi. Kwenye injini nikasugua mafuta yaliyoganda zikatokea herufi WM20. Ile W ndiyo ya vita. Nilitaka kuiacha tangi na kaki yake. Mzee akasema hawezi kukaa miezi minane anatengeneza kitu kije kufanana na lori la askari. Tukapaka nyeusi. Nilikuwa mnunuzi lakini nilishindwa, na sasa naona alikuwa na haki.

Ringi na gasketi zilitoka Uingereza kwa shemeji yangu. Za M20 bado zinauzwa. Magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ndiyo iliyotusumbua, ikitoa moto mwembamba ambao hauwashi hata sigara, mpaka fundi mmoja wa kusuka mota alipogundua kapasita imekufa akatia nyingine. Nafasi ya platini, vile vibati viwili vinavyokata umeme huo, inatakiwa iwe inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Mzee aliipima kwa kadi ya vocha ya simu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaipima kadi hiyo kwa maikromita ya maabara ya shule, nikakuta 0.29.

Kila jioni, kabla hajaenda msikitini Magharibi, mzee alizihesabu spana zake. Tisa. Anaviringisha, anafunga kamba, anaingia nazo ndani.

Siku ya kuwasha alikaa kwenye kigoda na fimbo yake. Nilifungua mafuta, nikakibonyeza kipini cha kabureta mpaka petroli ikamwagika, nikapiga kiki kwa nguvu zangu zote. Ikanirudi. Kiki ya injini ile ikirudi haina tofauti na teke la punda. Nilikaa chini nimeshika ugoko, na mzee anacheka hadi machozi.

"Umeacha moto mbele," akasema. "Wenzo huo wa kushoto, urudishe nyuma kwanza. Ikishika ndiyo uupeleke."

Nikaurudisha nyuma, cheche ichelewe kidogo. Kiki ya pili kimya, ya tatu ikakohoa, ya nne ikashika. Pistoni ile inasafiri milimita 112 juu na chini, haina haraka, kila mlio unausikia peke yake. Tuku. Tuku. Tuku. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Ni yenyewe," akasema.

Kadi na namba za usajili zilinila miezi mingine mitatu. Hayo siyasimulii.

Siku niliyoondoka nayo nilimuaga mzee saa tatu asubuhi. Nilifika karibu na Pongwe, ikaanza kukohoa, ikazima. Nati mbili zinazobana kabureta zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko na injini inavuta hewa pembeni. Nikazikaza kwa vidole, ikaenda mita hamsini, ikazima tena. Kwenye begi nilikuwa na spana kumi na mbili zinazong'aa. Nikapiga simu.

"Nati zipi?" mzee akauliza.

"Za kabureta."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Kaa hapohapo."

Nilikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Daladala ikasimama, akashuka mzee katika kanzu safi na kofia. Hakunisalimia. Akatoa mfukoni spana moja, ile ya robo, akaikaza nati ya juu, kisha ya chini, kisha ya juu tena kidogo. Akaifuta kwa leso, akairudisha mfukoni.

"Piga kiki."

Ikashika ya kwanza. Nikampigapigia kiti cha nyuma, nimrudishe nyumbani. Akakitazama, akaitazama kabureta.

"Na wakati wa kurudi peke yako?" akasema, akavuka barabara na kuipungia mkono daladala ya Muheza.