Joho na Vitabu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye mstari ambao kanisani huwa tunaupita mbio. Paulo yuko kifungoni Rumi, amekwisha kusema kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, kisha anamwagiza Timotheo: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi" (2 Timotheo 4:13). Joho naelewa, gerezani kuna baridi. Lakini mtu anayesubiri upanga vitabu anavitakia nini?

Sisi tukienda kuwaona wafungwa hubeba sabuni, sukari na mahubiri. Si vibaya; ndani ya zile kuta kipande cha sabuni ni mali. Ila mwaka jana, tulipomaliza kuimba, kijana mmoja mwenye sare ya njano alinisogelea akaniuliza polepole, kwa Kiswahili kile kile cha maaskari wake: "Mzee, kitabu cha hesabu cha S3 unacho?" Mfukoni nilikuwa na vijikaratasi vya injili arobaini. Cha hesabu cha kidato cha tatu sikuwa nacho.

Pale Luzira, gereza kuu la Kampala, wafungwa husomeshana wenyewe kwa wenyewe, na wapo wanaofanya mitihani ya taifa ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, humo humo ndani. Mwalimu ni mfungwa, mwanafunzi ni mfungwa. Wanachokosa ni kile kinacholazimika kupita langoni mikononi mwa mtu wa nje.

Mfikirieni Susan Kigula. Alihukumiwa kifo mwaka 2002. Jina lake ndilo lililotangulia katika kesi ya wafungwa 418 waliopinga sheria iliyomlazimu hakimu kutoa adhabu ya kifo, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ulazima huo unakiuka Katiba. Kesi ilibebwa na mawakili waliotoka nje. Naye huko ndani hakukaa akihesabu siku: alifundisha wenzake katika gereza la wanawake, akasomea sheria kwa masafa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2016 akatoka.

Masomo yale yalipitia shirika la Alexander McLean, Mwingereza aliyekuja Kampala akiwa kijana kujitolea kuhudumia wagonjwa wasio na tiba. Katika hospitali ya Mulago alikuta wafungwa wamefungwa minyororo vitandani. Alikuja kwa ajili ya mgonjwa akamwona mfungwa. Katika Mathayo 25 wawili hao wametajwa katika mstari mmoja, nami nimeukariri tangu utotoni bila kuliona hilo.

Najua kuna atakayeninong'oneza mlangoni: "Mchungaji, mwanangu nimeshindwa kumlipia ada, leo nimnunulie mwizi kitabu?" Dada, uchungu huo naujua, hata mimi nadaiwa shuleni. Lakini huyo mwizi siku yake ikifika atarudi, tena mtaani kwetu, si kwa majaji. Mimi ningependa arudi akiwa na cheti mkononi.

Paulo anamtaja pia Onesiforo, ambaye "hakuuonea haya mnyororo wangu", na kwamba alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii akampata. Kwa bidii! Aliyewahi kusimama langoni na kitambulisho mkononi, akiambiwa jina halimo kwenye orodha, rudi Alhamisi, analielewa neno hilo kuliko mimi ninayelihubiri.

Basi Jumapili, baada ya ibada ya pili, kutakuwa na sanduku karibu na mlango wa vestri. Vitabu vya S1 hadi S4, hata vilivyochakaa, mradi kurasa zipo. Mama mmoja ameshaleta miwani mitatu ya kusomea ya marehemu mumewe. Cha hesabu cha S3 kimepatikana, kimoja. Fizikia bado hakuna aliyeleta.