Lenzi yangu haina kosa, ni mimi nilizumu mno

Wiki ya kwanza baada ya kuhama kutoka kamera ya megapikseli 24 kwenda ya 45 nlikaribia kuuza lenzi yangu. Nilipiga picha ya uso, nikaifungua kwenye kompyuta, nikazumu asilimia 100 (yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini) kwenye kope na loh, zile kope nilizozoea kuzihesabu moja moja sasa zimelainika kama zimechorwa kwa mkaa. Nikasema ndo yale watu wanayosemaga, eti lenzi ya zamani haiiwezi sensa mpya, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga.

Kumbe najidanganya. Picha ya zamani ina pikseli 6000 kwa upana, hii mpya 8256, so kwa asilimia 100 naangalia kope ileile ikiwa imekuzwa zaidi. Nikazipunguza zote zilingane ukubwa, ile ya 45 ikawa kali zaidi, lenzi ileile! Sio sana, ila inaonekana.

Shida tunadhani lenzi na sensa ni kama bomba, kwamba penye wembamba ndo panaamua kila kitu. Hapana, vinazidishana. Chukua mistari midogo sana ya nyeusi na nyeupe, tuseme lenzi inabakiza asilimia 60 ya ile tofauti yake na sensa nayo inabakiza 60, mkononi unabaki na 36. Sensa ikipanda ikawa 80 unapata 48, hata kama lenzi ni hiyohiyo uliyoichoka, na ukiacha sensa kwenye 60 ukabadili lenzi ikawa ya 80, unapata 48 ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia lenzi fulani mwisho wake megapikseli 24, muulize hiyo namba kaitoa wapi.

Miujiza nayo usitegemee, megapikseli mara mbili ni undani mara 1.4 hivi, maana pikseli zinagawana upana na urefu.

Kilichoniumbua kweli ni apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, pikseli moja ya kamera ya megapikseli 24 ina upana wa mikroni 6 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya 45 ni kama 4.4. Sasa ukifunga mpaka f/16 nukta ya mwanga wa kijani inatanuka kuwa kiduara cha mikroni 21, na hapo hata lenzi ya bei ya kutisha haikusaidii kitu, ndo tabia ya mwanga yenyewe. Kwa f/8 ni karibu 11. Mimi nlikuwa napiga mandhari zote f/16 kwa mazoea tu, siku hizi naishia 8, ikibana sana 11.

Na kuna siku lenzi ikiwa kali kuliko nafasi za pikseli unajuta pia, shati la mistari myembamba linaota mawimbi ya rangi ambayo hayapo. Nimewahi kukaa jioni nzima nikifuta hayo mawimbi kwenye kola moja tu.