Mkono Uliokatisha Usingizi

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikiamka usiku wa manane, saa nane au saa tisa, mkono wa kulia ukiwa umekufa ganzi kana kwamba si wangu, nami husimama dirishani hapa Kirumba, Mwanza, nikiukung'uta hadi uhai urudi vidoleni. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa ziwani kama mji mwingine, na nimezitazama mara nyingi mno kwa mtu asiyemiliki hata kasia. Kidole cha mwisho hakimo katika ugomvi huu. Gumba, shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete ndivyo vinavyochomachoma.

Nilidhani ninamjua mkosaji. Kwa miaka saba nilikata minofu ya sangara kiwandani, kisu mkononi tangu asubuhi, samaki wakiwa na baridi ya barafu. Kisha nikasoma uhasibu jioni jioni, na huu ni mwaka wa kumi na moja ninakaa mezani nikiingiza kwenye kompyuta hesabu za wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni. Nilikwenda hospitali nikiwa nimekwisha kutoa hukumu: kama si kisu, ni kompyuta.

Daktari, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, aliniamkia kwanza, kisha akaniomba nigusanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, kwa dakika moja. Nusu dakika haikutimia, ganzi ikawa imefika. Jaribio hilo linaitwa kwa jina la George Phalen, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeandika sana kuhusu ugonjwa huu wa kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono kuanzia miaka ya 1950. Baada ya hapo akanipandisha kwenye mizani, akapiga hesabu, akanyamaza kidogo.

"Mama, samahani, uzito nao umo."

Kilo 79, urefu wa mita 1.58. Ukigawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, unapata 31.6, na kuanzia 30 huitwa kiribatumbo, neno ambalo sikuwahi kudhani lingeandikwa kwenye faili langu. Nilipokuwa kiwandani nilikuwa na kilo 57. Sikumjibu. Nakiri hapa kwamba niliudhika, kwa sababu nilikwenda kutibiwa mkono, nikajikuta ninazungumziwa kiuno.

Hata hivyo maelezo yake yaliniingia. Kwenye kifundo cha mkono kuna handaki jembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni utando mgumu usiotanuka. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja, laini kuliko vyote vilivyomo. Mafuta na majimaji yakizidi mwilini, shinikizo ndani ya handaki hilo hupanda, neva hubanwa na kukosa damu ya kutosha. Usiku, tunapolala tumekunja mikono, shinikizo hupanda zaidi. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba uwezekano wa mtu mwenye kiribatumbo kupata tatizo hili ni takriban mara mbili ya ule wa mwenye uzito wa kawaida. Kisu nacho hakikusamehewa, kwani kazi ya kutumia nguvu na kurudia mwendo uleule ni chanzo kinachojulikana. Ushahidi dhidi ya kompyuta, kwa mshangao wangu, ndio ulio hafifu. Aliagiza pia nipimwe sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa kisukari na tezi iliyolegea huleta ganzi hiyohiyo. Vyote viwili vilikuwa salama.

Linalonisumbua ni kwamba mikono hii ilivuka miaka saba ya kisu bila kulalamika, ikaja kushindwa nikiwa nimekaa kitini. Tena wifi yangu ana uzito kuliko mimi na analala fofofo, ilhali rafiki yangu mmoja wa kiwandani, mwembamba kama unyasi, alikwisha kufanyiwa upasuaji wa mkono. Uzito huongeza uwezekano, haumchagui mtu kwa jina.

Na nani angeniambia mapema? Kila nikienda Magu mama hunipokea kwa furaha, "Mwanangu, umenawiri." Kizazi chetu kilikua katika miaka ambayo mtu akipungua, majirani walinong'ona kuhusu ukimwi, hivyo kila kilo niliyoongeza ilipokewa nyumbani kama habari njema. Sijui nitamwelezaje kwamba sasa ninakula ugali nusu na ninatembea kwa miguu hadi Pasiansi kwa makusudi.

Daktari hakuniahidi kwamba kilo zikipungua ganzi itaondoka; neva iliyokwisha kubanwa ina mambo yake, na ikishindikana ipo sindano, kisha upasuaji wa kuukata ule utando. Kwa sasa amenipa gango la kuvaa usiku, linaloushikilia mkono usijikunje. Mume wangu analicheka, anasema ninalala kama golikipa.

Nimelivaa wiki tatu. Jana niliamka mara moja tu, karibu saa kumi, nikaenda dirishani kwa mazoea. Taa ziwani zilikuwa zimebaki chache, mitumbwi ikirudi. Nilikwisha kuanza kuukung'uta mkono ndipo nikagundua kwamba haukuwa na ganzi.